Namba ya Mama Ishimwe

Gervasi anapenda rangi ya kijani. Simaanishi kijani cha majani, namaanisha kile cha kwenye kompyuta. Asubuhi ile alisimama mbele ya ukuta wa ofisi, pale tulipokuwa tumemulika dashibodi mbili za majina ya wateja kwa projekta, na kila jina lililogeuka kijani upande wa kushoto lilimwongezea tabasamu. Mimi nilikaa nyuma karibu na dirisha. Ni mtu wa wasiwasi mimi, nimezaliwa hivyo, na kazi ya kutengeneza programu haijaniponya.

Kampuni yetu inaitwa Gati. Tuko Mwanga, hapa Kigoma mjini, ghorofani, juu ya duka la mabati na misumari, watu wachache na feni moja inayolalamika. Tulitengeneza mfumo wa kukata tiketi za boti za abiria zinazotoka Kagunga, mpakani, kwenda Kibirizi, gati ya hapa mjini, zikipitia vijiji vya mwambao. Gervasi ndiye mkurugenzi. Elia ndiye anayeandika programu yenyewe. Mimi, Yunisi, ndiye ninayeamua mfumo ufanye nini na usifanye nini, kwa hiyo mambo yakienda vizuri kampuni inasifiwa, yakiharibika naitwa mimi.

Wakati ule tulikuwa tunachagua jukwaa la kutuma taarifa kwa wateja. Boti ikichelewa, ikiahirishwa, abiria ajue kabla hajatoka nyumbani. Mwanzoni Elia alikuwa anatuma meseji kwa simu chache za bei poa zilizochomekwa kwenye kompyuta yake, na wateja walipoongezeka simu zile zikawa zinapata moto hadi unaogopa kuzigusa. Tukatafuta watu wenye kazi yao, wakabaki wawili. Wa kwanza waliita jukwaa lao Tarishi. Lilikuwa zuri kulitazama, bei yake ya kawaida, na muuzaji wake, kijana wa Dar mwenye sauti tamu, alilisifia hasa kwa kitu alichokiita kinga ya usumbufu, yaani mteja hachoshwi na meseji nyingi. Sote tulikipenda. Nani anataka kusumbuliwa?

La pili liliitwa Mbiu. Lenyewe lilikuwa linapiga simu, sauti inasoma taarifa, kisha aliyepokea anabonyeza moja kuthibitisha kwamba amesikia. Asipobonyeza, jina lake linabaki jekundu mpaka mtu wa ofisini alishughulikie. Lilikuwa ghali, na sura yake ilikuwa ya kitu kilichotengenezwa na mtu aliyekuwa anawahi pengine. Elia aligawa namba za simu za wateja nusu kwa nusu bila kuchagua, nusu kwa Tarishi, nusu kwa Mbiu, na asubuhi ile tulikaa tufanye uamuzi.

Hatukuwa tumemaliza hata chai, simu ya mwenye boti ikaita. Injini imekufa Kagunga. Fundi anasema leo haiwezekani, boti haitoki.

"Basi haya ndiyo majaribio yenyewe," Gervasi akasema, na ungedhani ameletewa zawadi. "Elia, tuma kote kote."

Elia akatuma. Kushoto, kwa Tarishi, majina yakaanza kugeuka kijani, moja, mawili, kisha yote kwa pamoja. Kulia, kwa Mbiu, ilikuwa aibu. Karibu nusu ya majina yalibaki mekundu. Wengine hawakupokea, wengine walipokea wakakata, maana wengi wetu tukisikia sauti ya mashine tunajua ni mtu wa kamari. Wenzetu wawili wakaanza kuwapigia wale wekundu mmoja mmoja, wakijibizana nao kwa Kiha na Kiswahili.

Mimi nilikuwa natafuta jina moja tu. Nikalipata upande wa kushoto, safu ya katikati. Diana. Kijani.

Diana ni mdogo wangu, tumbo moja. Ameolewa kwenye kitongoji kimoja mteremkoni, chini ya Kalinzi, mahali ambapo ukisimama uani unaliona ziwa lote lakini simu haishiki. Mumewe Feliksi yuko Uvinza kwenye kazi ya chumvi. Mimba yake ilikuwa imefika mwezi wa nane, na jana yake zahanati walimpima presha wakaacha kuongea naye kwa utani. Wakamwambia aende hospitali ya mjini kesho yake, asingoje keshokutwa. Mvua zilikuwa zimekata kivuko cha barabara ya kitongojini, gari halifiki. Kupanda kwa miguu hadi barabara kuu ni mlima mtupu. Kushuka ziwani ni rahisi zaidi, na boti ingemfikisha Kibirizi akiwa amekaa. Tiketi yake nilimkatia mimi mwenyewe.

Kwenye nafasi ya namba ya simu niliandika ile ambayo watu wote wa kitongoji kile huandika, namba ya Mama Ishimwe.

Mama Ishimwe, jina lake hasa ni Révérienne, alikuja na wazazi wake kutoka Burundi akiwa mtoto, akaolewa na Calixte, akabaki. Ana kibanda cha chai na maandazi juu ya kilima, pale ambapo mtandao unashika. Simu yake ndiyo simu ya kila mtu. Ukitaka kumwambia mtu wa kule kitu, unamwambia yeye, naye anakwenda au anamwita mtu kwa sauti inayovuka bonde. Hata wenye simu zao huziacha kwake, kwa sababu simu iliyoko nyumbani ni tochi tu.

Nikachukua simu nimpigie. Gervasi akaniona.

"Yunisi, unampigia nani?"

"Mama mmoja wa Kalinzi. Mdogo wangu alikuwa asafiri na boti hiyo."

"Yuko upande gani?"

"Tarishi."

"Ni kijani?"

"Kijani."

"Basi amepata. Ukianza kuwapigia walio kijani, tunajaribu nini hapa?" Akacheka kidogo. "Wewe hata ukipewa maji ya chupa utauliza yamechemshwa."

Wengine wakacheka pia, na mimi nikacheka, kwa sababu ni kweli nauliza. Nikaiweka simu mezani. Lakini moyo haukutulia. Nilijiambia kijani ni kijani, kampuni kubwa imetengeneza, ina wateja nchi nzima, Mama Ishimwe ameshamwambia, Diana amekaa kitandani anatafutiwa watu wa kumpandisha barabarani. Nikajiambia tena. Gervasi alikuwa anaeleza bei, mimi naona midomo yake tu. Nilikuwa nahesabu njia ya Diana, kwamba kama ametoka nyumbani jua lilipochomoza, kwa mwendo wake wa mimba, sasa amefika wapi. Ukishapita mgomba wa mwisho unaingia bondeni, na huko chini hata Mama Ishimwe akipiga kelele husikii.

Nikasema naenda chooni. Nikasimama kwenye ngazi, kati ya ofisi yetu na harufu ya rangi ya duka la chini, nikapiga.

"Shikamoo, Mama Ishimwe."

"Marahaba, mwanangu. Mwaramutse, umeamkaje? Habari za mjini?"

"Nzuri. Diana ameshapata ujumbe wa boti?"

Nyuma yake nilisikia mafuta yanachemka.

"Ujumbe wa Diana haujaja," akasema. "Imekuja mitatu. Wa Habonimana, wa Martini, na wa yule mwalimu. Nimekwenda kuwaambia wote watatu, wamerudi. Wa Diana sijauona. Nikajua yeye ni boti nyingine."

"Boti ni moja hiyo hiyo, mama."

"Mimi nitajuaje, mwanangu? Ujumbe unakuja na jina la mtu. Siku ile nyingine niliambia kila mtu, na ilikuwa boti ya mchana tu ndiyo imevunjwa, watu wakakosa ya asubuhi wakanitukana wiki nzima. Sasa nampa mtu wake. Asiyeandikwa simwambii."

Ni mimi niliyetaka meseji zianze na jina la abiria, ili kila mtu aone anaheshimiwa.

"Diana yuko wapi?"

"Amepita hapa zamani. Amekunywa chai nusu kikombe, akasema kichwa kinamuuma na macho yanaona nyotanyota. Ameshuka na wenzake."

Nyotanyota. Zahanati walikuwa wamemwambia hivyo hivyo: ukiona nyota, ni hatari. Nikakaa kwenye ngazi.

"Mama Ishimwe, boti haiji. Mwite mzee Calixte, tafuta wanaume, wachukue ingobyi ya kubebea wagonjwa wamfuate sasa hivi. Wampandishe barabarani. Mimi nakuja na gari."

"Yego, ndiyo. Na hao..."

"Diana kwanza, mama. Tafadhali. Sasa hivi."

Akakata. Niliposimama nilimsikia tayari kichwani mwangu akiita watu kwa ile sauti yake ya kuvuka bonde.

Nilirudi ofisini nikasema mbele ya wote kwamba Diana hakupata. Gervasi akatazama ukuta, akanitazama, akatazama ukuta tena.

"Lakini ni kijani," akasema.

Elia alikuwa ameshafungua kitu kwenye kompyuta yake. Elia haongei sana, na anapoinama vile najua amekiona. "Ni ile kinga ya usumbufu," akasema. "Namba moja haipokei zaidi ya meseji tatu kwa siku. Zilizobaki zimezuiwa. Lakini namba imepokea, kwa hiyo kila mteja mwenye namba hiyo anahesabiwa amepata. Namba hii ina watu wengi."

"Wangapi?" Gervasi akauliza.

"Kumi na wawili kwa leo."

"Sawa, lakini huyo mama si ameshaambiwa na Yunisi? Atawaambia." Gervasi akampigia muuzaji, akaweka sauti ya nje. Yule kijana akatusikiliza kwa adabu, akasema hakuna hitilafu, mfumo umefanya kazi kama ulivyopangwa. Kwa kawaida namba moja ni mtu mmoja, akasema, na mtu mmoja hapendi meseji kumi na mbili. Akaahidi kututumia maelezo ya kubadilisha mpangilio.

Nilitaka kumtukana. Lakini ningemtukana kwa lipi? Nusu ya mwezi nzima tulikuwa tunamsifu kwa hilo hilo. Hakuna hata mmoja wetu, watoto wa Kigoma, tuliokua tunapokelea majirani simu, aliyeuliza: na ikiwa namba moja ni kitongoji kizima?

Nilikuwa natia chaja kwenye mkoba. Gervasi akanifuata mlangoni. Si mtu mbaya Gervasi, ana mkopo na ana mkutano na wenye boti mchana ule ule.

"Pole sana. Nenda, tutafunika hapa. Ila niambie tu, kwa hiyo tunachukua Tarishi? Elia atarekebisha hiyo tatu, iwe hamsini. Wale wa Mbiu nusu nzima ni wekundu, Yunisi. Siwezi kuwaonyesha wenye boti kitu chekundu."

"Fanya utakavyo," nikasema, nikashuka ngazi.

Dereva niliyempata alikuwa mzee wa taratibu, anapunguza mwendo kwenye kila tuta na mengine ambayo si tuta. Mwandiga tulikwama nyuma ya lori la ndizi. Nilikuwa nampigia Mama Ishimwe kila mara, naye ananijibu lile lile, wametoka, hawajarudi. Mvua ilianza na kuacha. Nilikuwa naongea na Mungu kwa namna ambayo si sala, ni ubishi. Nilimwambia asinifanyie hivi kwa sababu ya namba.

Tulisubiri juu Kalinzi, kando ya barabara, penye mibuni iliyolowa. Pikipiki zilikuwa zinapita zikinirushia matope wala sikujali. Nilifikiri kila kitu kibaya kinachoweza kufikiriwa, na nilipokimaliza nilianza upya. Mchana ulikuwa umeshageuka nilipowaona wanatokeza kwenye migomba, wanaume sita na mzee Calixte mbele, ingobyi mabegani, wanapokezana bila kusimama. Walikuwa wametapakaa udongo hadi kiunoni. Ndani ya ile ingobyi ya mianzi mdogo wangu alikuwa amelala upande, uso umevimba hadi nusura nisimtambue.

"Tumemkuta katikati ya njia, amekaa kwenye jiwe," Calixte akasema, pumzi juu juu. "Alikuwa anataka kuendelea. Tumemgeuza hapo hapo, hatukupoteza hata dakika."

Niliwashika mikono wote. Niliwaambia Mungu awabariki. Hakuna kingine nilichowaambia, tukampakia Diana garini, na yule dereva wa taratibu, kumbe naye ana mbio zake.

Hospitali walimpokea kwa haraka iliyoniogopesha zaidi. Wakanitoa nje. Nilikaa kwenye benchi la nje ya wodi ya wazazi, nguo zina matope, nikawa natazama viatu vya kila muuguzi anayepita ili nisitazame uso wake. Gervasi alipiga. Mkutano umekwenda vizuri sana, wenye boti wamefurahi, mkataba wa Tarishi umeletwa, anasaini jioni hii.

"Usisaini," nikasema.

"Yunisi, umesema mwenyewe nifanye nitakavyo."

"Sasa nasema usisaini."

"Kwa sababu ya mtu mmoja? Namshukuru Mungu mdogo wako amefika hospitali, kweli kabisa. Lakini ni mtu mmoja kati ya mamia, na tumeshajua kosa liko wapi." Alisema kwa upole. Nikamwambia angoje kidogo, anitafute baadaye.

Jua lilikuwa linaelekea upande wa Kongo waliponiruhusu kuingia. Presha imeshuka, daktari akasema, moyo wa mtoto unasikika vizuri, watamwangalia hadi asubuhi waamue kama watampasua. Nilitaka kulia na kucheka, nikafanya vyote viwili kidogo kidogo, nikamshika Diana mkono. Ulikuwa wa moto, lakini ulikuwa unanishika pia.

"Dada," akasema. Midomo ilikuwa imekauka.

"Nyamaza, pumzika."

"Boti iliwachukua wale wengine?"

"Boti haikuja, Diana. Injini iliharibika. Ndiyo maana Calixte alikufuata."

Akafungua macho. Alikuwa anajaribu kuelewa, na mimi nilikuwa namsubiri, bado sijaogopa.

"Mimi nilikuwa nachelewa kutembea," akasema. "Wakaniambia nije polepole, wao watatangulia waishike boti inisubiri. Mzee Dismasi, mke wa Elikana na yule mtoto wake anayepumua kwa shida, wale wa kwenda kliniki mjini. Wote. Walikwenda mbio kwa ajili yangu." Akalamba midomo. "Mmewaambia?"

Nilitoka hadi kwenye benchi nikampigia Elia.

"Ile namba," nikasema. "Kumi na wawili. Nisomee waliozuiwa."

"Kuna nini?"

"Nisomee, Elia."

Akanisomea. Walikuwa tisa, na Diana mmoja wao. Nikamwambia ayachukue majina yale nane yaliyobaki ampelekee Gervasi mkononi, kwenye karatasi, kabla hajashika kalamu, amwambie watu hawa mpaka sasa wako ufukweni wanasubiri boti yetu. Boti za kule huchelewa, kila mtu anajua hilo. Mtu mwenye tiketi husubiri hadi giza liingie, na wale walikuwa wamemwahidi mjamzito kwamba wataishika. Elia akasema sawa kwa sauti ndogo.

Kisha nikampigia Mama Ishimwe. Nilimwambia Diana yuko salama, akamshukuru Mungu kwa Kirundi, kwa kirefu. Nikamwambia kuhusu wale wengine.

"Nilitaka kukuuliza asubuhi," akasema. "Ukasema Diana kwanza. Nikajua ofisi imeshawaambia hao."

"Hatukuwaambia, mama. Kuna mtu wa kushuka?"

"Wanaume wote walikwenda na ndugu yako. Hawajarudi bado, njia imekuwa utelezi. Waliobaki ni wazee na watoto." Nikasikia anasogeza sufuria. "Nitashuka mimi."

"Mama Ishimwe, na goti lako hilo linalokuuma?"

"Goti litafanyaje? Mtoto wa Elikana yuko kule."

"Basi nenda na simu, unijulishe ukiwapata."

"Simu naiacha hapa juu, mwanangu. Chini haishiki."

Nikamsikia anafunga dirisha la kibanda. Akakata. Nilikaa kwenye lile benchi na simu mkononi, giza linaingia madirishani, na hapakuwa na namba yoyote iliyobaki ya kupiga.